Mnyanya Unapoezua Majani Yake

Msomaji mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ametuma swali pamoja na picha nne. Miche yake sita ya nyanya aina ya Tanya, aliyoipanda barazani kwenye ndoo za lita 20, imefika kiunoni na imeanza kutoa maua. Lakini majani ya chini yanageuka manjano, moja baada ya jingine, kama yanayopokezana zamu. Alipoitikisa miche aliona vidudu vyeupe vikiruka, akaenda duka la pembejeo, akauziwa dawa ya wadudu, akapulizia mara tatu katika wiki mbili. Vidudu vikapungua. Umanjano ukaendelea kupanda. Sasa anauliza abadilishe na kutumia dawa gani.

Asinunue dawa yoyote kwanza. Avute kigoda, akae mbele ya ndoo na kutazama umanjano ulianzia wapi. Picha zake zinaonyesha wazi: yaliyotangulia kupauka ni majani ya chini kabisa, yaani yaliyozaliwa kwanza, na kilele bado ni kijani. Kila jani limepauka lote, mishipa na sehemu zilizo kati yake, bila baka, bila tundu, bila kujikunja. Mdudu huacha alama ya mdomo wake. Hapa hakuna alama ya mdomo.

Namna jani linavyotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari inafundishwa shule ya msingi, na hakuna haja ya kuirudia. Kisichosimuliwa darasani ni namna jani linavyovuliwa mali yake likiwa bado hai, kwa mpango, hatua kwa hatua, na mmea wenyewe. Ndicho kinachotokea barazani Tabata.

Kijijini, mtu akijenga nyumba mpya na fedha ya bati ikakwama, hupanda juu ya nyumba ya zamani. Anang'oa misumari kwa uangalifu, anashusha bati moja moja, ananyoosha misumari iliyopinda, kisha anayapandisha mabati yaleyale kwenye paa jipya. Nyumba ya zamani inabaki kuta tupu, lakini hakuna bati lililopotea. Mnyanya ulioishiwa naitrojeni hufanya vivyo hivyo. Nyumba mpya ni machipukizi ya kileleni na maua. Nyumba ya zamani ni jani la chini, ambalo sasa limefunikwa na kivuli cha wadogo zake na halipati jua la kutosha.

Mabati yenyewe ni protini. Karibu robo tatu ya naitrojeni ya jani imo ndani ya kloroplasti, vile vifuko vidogo vya kijani ambamo sukari hutengenezwa. Sehemu kubwa yake iko kwenye protini, na inayoongoza kwa wingi ni Rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa. Njaa ikibisha hodi, protini hizo hukatwakatwa kuwa asidi amino, hupakiwa kwenye floemu, ile mishipa inayosafirisha chakula cha mmea, na kupelekwa juu.

Kazi hiyo ina hatari yake, na ustadi wa mmea unaonekana hapo. Ndani ya kloroplasti, klorofili imeshikiliwa na protini kama nyaya zilivyofungwa kwenye kenchi za paa. Kazi ya klorofili ni kunasa mwanga. Ukiziondoa protini na kuiacha klorofili peke yake, itaendelea kunasa mwanga, lakini nishati hiyo haitakuwa na pa kwenda. Itairukia oksijeni iliyo karibu na kuigeuza kuwa oksijeni kali inayounguza seli. Ni sawa na fundi kuezua paa huku nyaya zina umeme: atang'oa mabati mawili, la tatu litamtupa chini.

Fundi mzoefu huzima umeme kwenye mita kabla hajagusa msumari. Mmea nao huanza na klorofili. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomi moja ya magnesiamu, na atomi nne za naitrojeni zimeishika pande zote. Kimeng'enya cha kwanza huichomoa ile magnesiamu. Kingine hupasua pete iliyokuwa imeizunguka, na hapo rangi ya kijani hutoweka. Mabaki yasiyo na rangi husukumwa kwenye vakuoli, chumba cha seli cha kuwekea maji na taka, yasiidhuru seli. Umeme umezimwa, na kuezua kunaweza kuendelea.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba zile naitrojeni nne zilizokuwa ndani ya klorofili hazirudishwi. Zinabaki kwenye vakuoli na kuanguka pamoja na jani. Mmea wenye njaa ya naitrojeni unakubali kuitupa naitrojeni hiyo, kwa kuwa ni asilimia ndogo tu ya ile iliyo kwenye jani, ili uokoe fungu kubwa lililo kwenye protini bila kujiunguza. Na yale manjano tunayoyaona hayakuletwa na ugonjwa wala dawa. Ni karotenoidi, rangi zilizokuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, zikiwa zimefunikwa na kijani.

Kwa hatua hii Kiswahili kinahitaji neno lake. Vitabu vya sayansi vimetupatia umbijani kwa klorofili, na anayelitazama neno hilo anasikia ndani yake kuumba na jani. Ingekuwa rahisi basi kusema kwamba jani linalogeuka manjano linaumbuliwa, kwa sababu lugha yetu ina hazina ya vitenzi vinavyorudisha kinyume: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kutega na kutegua, kuanika na kuanua. Tatizo ni kwamba kuumbua kumeshachukuliwa. Aliyeumbuliwa ni aliyeaibishwa mbele za watu, na jani la chini halina aibu yoyote. Kubomoa nako hakufai: anayebomoa huacha kifusi. Kuharibika hakufai zaidi, maana humwondoa mtendaji, na hapa mtendaji yupo, ni mmea.

Kuezua ndiko kunakofaa. Aliyeezeka ndiye anayeezua, anajua kila msumari ulipo, na anaezua ili akaezeke kwingine. Makala hii inapendekeza neno uezuaji wa jani kwa kazi hii yote, kuanzia kuchomolewa kwa magnesiamu hadi asidi amino ya mwisho kupanda kileleni. Mkulima atalielewa siku ya kwanza, na mwalimu wa biolojia hatalazimika kulitafutia tafsiri.

Uezuaji huu una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1866 mtawa Gregor Mendel alichapisha majaribio yake ya njegere, na moja ya sifa saba alizozifuatilia ilikuwa rangi ya mbegu: nyingine hukauka na kuwa manjano, nyingine hubaki kijani. Mwaka 2007 watafiti waliipata jeni inayohusika. Mbegu zinazobaki kijani zina hitilafu katika jeni inayoanzisha uezuaji. Mwaka 2016 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba jeni hiyo ndiyo inayotoa kimeng'enya cha kuchomoa magnesiamu, yaani mkono unaozima umeme kwenye mita.

Jeni ya namna hiyo imo pia kwenye mnyanya, na haifanyi kazi kwenye majani peke yake. Tunda la nyanya linapoiva, kijani chake huondolewa kwa njia hiyohiyo, huku likopeni nyekundu ikijaa mahali pake. Nyanya za kahawia kama Black Krim na Cherokee Purple zimepata rangi hiyo kwa sababu jeni yao ya uezuaji ina hitilafu: likopeni inakuja, klorofili haiondoki, na nyekundu ikichanganyika na kijani huzaa kahawia. Kwa hiyo jani la manjano linalomtia msomaji wetu wasiwasi na nyanya nyekundu anayoingojea kwa hamu vinapitia mikononi mwa fundi mmoja.

Ukishaielewa kazi hii, jani la mnyanya linasomeka. Kuna madini ambayo ni mabati, yanayoezuliwa na kuhamishwa: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Upungufu wake huonekana kwanza chini, kwa sababu chini ndiko kunakoezuliwa. Naitrojeni ikipungua, jani la chini hupauka lote. Magnesiamu ikipungua, jani la chini huwa manjano kati ya mishipa, na mishipa yenyewe hubaki kijani kama ramani ya mito. Hapo chumvi ya haluli, ileile ya dukani, huleta nafuu, kwa kuwa ni chumvi ya magnesiamu. Potasiamu ikipungua, kingo za jani la chini huungua kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

Madini mengine ni zege. Likishamwagwa na kushika, halihami. Chuma ni cha kundi hilo. Kikikosekana, majani ya zamani hubaki na mali yao, na jani jipya la kileleni huzaliwa limepauka, mishipa yake ikiwa kijani. Ni mchoro uleule wa magnesiamu, ila umehamia juu. Hali hii hutokea kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule wa ardhi ya matumbawe upande wa mashariki wa Unguja: chuma kinaweza kuwamo udongoni, lakini chokaa huufungia mmea mlango. Kalsiamu nayo ni zege. Ikishindwa kufika kwenye tunda linalokua, mara nyingi kwa sababu ya kumwagilia leo na kusahau siku nne, kitako cha nyanya huwa cheusi na kuoza.

Sasa wadudu. Utitiri mwekundu si mdudu hasa, ni ndugu wa buibui mwenye miguu minane. Hufyonza seli moja moja, kwa hiyo jani hujaa vitone vya manjano mfano wa unga ulionyunyizwa, na baadaye utando mwembamba. Hushamiri wakati wa joto na ukavu. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kwa kidole: vitone vyekundu vikitembea, umempata.

Kantangaze ni nondo mdogo wa kijivu kutoka Amerika Kusini. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kwa vielelezo vya Peru, akaingia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa ameshafika Kenya na Tanzania. Jina walilompa wakulima wa Tanzania ni agizo kamili, kanitangaze, na hasara aliyowatia ilitangaza yenyewe. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akila nyama yote na kuacha dirisha pana linalopitisha mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaojipinda kama njia ya nyoka, huyo ni kidomozi, buu wa nzi mdogo, na madhara yake kwa kawaida ni madogo zaidi.

Nzi weupe hukaa chini ya majani. Kufyonza kwao kunachosha mmea, lakini ubaya wao mkubwa ni virusi wanavyobeba. Mmea ulioambukizwa hudumaa, na majani ya kileleni huwa madogo, yenye kingo za manjano, yaliyojikunja kwenda juu kama kikombe. Wakulima wengi wa Tanzania huita ugonjwa huo rasta. Hauna dawa: mche hung'olewa na kuondolewa mapema, kabla nzi hawajaugeuza kituo cha kupakia. Ugonjwa huu pia huanzia juu. Vidudu vilivyoruka Tabata vilikuwa nzi weupe, tena wachache, na vilele vya miche sita yote ni vipana na vimenyooka. Kwa idadi hiyo, maji ya sabuni yaliyopuliziwa chini ya majani jioni yangetosha, na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya makinda ya nzi hao wangebaki hai kuendeleza kazi.

Bakajani tangulia nayo huanzia chini, ila huja na mabaka yenye duara ndani ya duara. Mnyauko fusari mara nyingi hupausha upande mmoja wa mmea. Ndoo isiyo na matundu huzamisha mizizi na kuleta umanjano pia. Za msomaji wetu zina matundu.

Kilichokula naitrojeni ya ndoo hizo kimeandikwa na msomaji mwenyewe, kwa kupita tu, katikati ya barua yake: ili udongo uwe mwepesi, alichanganya vumbi la mbao kutoka kwa seremala wa jirani, nusu kwa nusu. Vumbi la mbao limejaa kaboni na lina naitrojeni kidogo mno. Bakteria na kuvu wanaoliozesha huhitaji naitrojeni ya kujengea miili yao, na wasipoipata kwenye mbao huichukua udongoni, mbele ya mizizi. Mnyanya ulikosa mabati sokoni, ukageukia paa la zamani.

Aache dawa. Atie kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kwa kila ndoo, mbali na shina, kisha amwagilie. Juu yake aweke samadi iliyooza vizuri, na msimu ujao vumbi la mbao alioze kwanza kwenye shimo la mboji. Majani yaliyokwisha kuwa manjano kabisa hayatarudi kijani, asiyangojee. Atie alama ya uzi kwenye jani la chini kabisa ambalo bado ni kijani leo, alitazame tena baada ya siku kumi: likiwa kijani bado, mnyanya umeacha kuezua.