Je, Wajua? Tairi Likilegea, Theluji Huvukika
Theluji ikiwa nzito, dereva wa gari la kuvukia theluji huko Iceland hakimbilii kukanyaga mafuta. Kwanza hutoa upepo kwenye tairi. Tairi lake ni pana, la inchi 38 au zaidi, likisimama humfika mtu mzima kiunoni. Barabarani hujazwa upepo wa pauni 25 hivi kwa kila inchi ya mraba. Juu ya barafu ya Vatnajökull huweza kushushwa hadi pauni 3. Hapo tairi hutandazika kama unyayo wa ngamia, uzito husambaa, na gari hupita juu badala ya kujichimbia shimo. Gari likirudi barabarani, pampu ndogo iliyomo ndani hujaza tairi tena. Madereva wa jangwani Oman nao huvuka mchanga kwa ujanja huohuo.