Usonji: Mtoto asiyezungumza apewe njia nyingine ya kueleza



Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana utotoni. Hauletwi na chanjo wala malezi mabaya. Kumkata mtoto kimeo au chini ya ulimi hakuuondoi, na kunaweza kumletea kutokwa damu na maambukizi.

Baadhi ya watoto hawa huchelewa kuzungumza, na wengine hawazungumzi kabisa. Mtoto anayejing'ata au kujigonga kichwa ukutani huenda jino au sikio linamuuma, au amebanwa na haja, naye hana njia ya kusema.

Qur'an inatupa mazingatio. Nabii Zakariya (a.s.), katika siku tatu ambazo hakuweza kusema na watu, aliwaashiria. Bibi Maryam alipoulizwa juu ya mwanawe, naye aliashiria. Wanachuoni wa fiqhi huikubali ishara ya bubu inayoeleweka, hata katika ndoa na biashara.

Njia mojawapo inayosaidia ni kubadilishana kadi za picha, iliyobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Nyumbani anzeni hivi:

1. Chagueni kitu kimoja akipendacho, mfano ndizi. Chora au piga picha yake, ubandike kwenye kipande cha boksi.

2. Mama ashike ndizi mtoto akiiona. Mtu wa pili akae nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono, amwongoze achukue kadi na kumkabidhi mama. Huyu wa nyuma asiseme neno.

3. Mama apokee kadi, aseme “Ndizi!” na ampe hapo hapo. Asimlazimishe kutamka kwanza.

4. Akizoea, mwacheni afanye mwenyewe. Kisha ongezeni kadi moja moja: maji, choo, “inauma”.

Hatua za kutumia choo na kutia udhu nazo zichorwe kwa mpangilio, zibandikwe karibu na maji. Anayejiepusha na picha za viumbe vyenye roho atumie bomba, ndoo na kopo. Hata kikombe kitupu chaweza kumaanisha “nataka maji”.

Wazazi wengi huhofia kuwa kadi zitamfanya mtoto asijifunze kusema. Tafiti zilizofanyika hazikuonyesha madhara hayo, na baadhi ya watoto huongeza maneno. Kwa hiyo msingoje mpaka aseme ndipo muanze, na endeleeni kuzungumza naye kila siku.

Mpelekeni pia hospitali apimwe masikio, kwani asiyesikia vizuri naye huchelewa kusema. Kadi zile zile zitumiwe na baba, bibi, kaka zake na ustadhi wa madrasa, asije akaeleweka kwa mtu mmoja tu.

Mtoto ni amana, na katika haki zake ni kusikilizwa kwa njia anayoiweza.