UKINYAMAZA, MJAPANI HUDHANI UMEONDOKA

Mwaka huu sikuleta shairi. Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya kwenye simu, na jinsi nilivyolirekebisha.

Shule yetu iliwahi kupata mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Kila Jumamosi alinifunza Kijapani kidogo, nami nikamlipa kwa Kiswahili. Aliporudi kwao alinipigia wakati wa likizo kwa simu ya mama. Akaanza kunieleza polepole, kwa Kijapani, kwamba babake alikuwa mgonjwa. Mie nikatulia tuli. Nimelelewa kwamba mkubwa akisema jambo zito, wewe unafunga mdomo na kusikiliza. Punde akakatiza: "Moshi moshi?" Nikashtuka. Moshi gani tena, kwao kunaungua ama anauliza habari za mji wa Moshi? Kumbe hiyo ndiyo "halo" yao ya simu, na pia ndivyo wanavyouliza kama mwenzao bado yupo. Aliuliza mara tatu, kisha akaaga upesi. Nilibaki na simu mkononi, aibu tele.

Barua yake ndiyo iliyonifafanulia. Msikilizaji wa Kijapani hanyamazi. Huitikia kila mara kwa vijineno viitwavyo aizuchi. Tsuchi ni nyundo: neno lenyewe latokana na wahunzi wawili wanaofua chuma kimoja, fundi akipiga, mwanafunzi wake naye anapiga, kwa zamu. Nyundo moja ikikoma, kazi imeharibika.

Je, uitikie wapi? Hapo ndipo penye kazi. Usingoje sentensi iishe, maana kitenzi cha Kijapani huja mwishoni kabisa na utangoja mpaka uchoke. Msemaji mwenyewe huikata vipande, na mara nyingi hutia "ne" mwisho wa kipande. Hapo ndipo pako. Mwalimu aliniandikia mfano. "Kinoo ne" (jana), nawe "hai". "Chichi ga ne" (baba yangu), "hai". "Byooin ni itte" (akaenda hospitali), "ee". Sauti iwe ndogo, kichwa kiiname kidogo, na usimnyang'anye maneno.

Lakini jamani, "hai" hiyo ingawa hutafsiriwa "ndiyo", hapa si kukubali. Ni kusema tu "nakusikia". Mfanyabiashara akihesabu "hai" kumi akadhani bei imepita, shauri yake! Tena usiseme "hai hai" harakaharaka. Ni kama mtoto anayemwambia mamake "sawa, sawa, nimesikia". "Un" ni ya marika. "Naruhodo", yaani "kumbe ndivyo", ni tamu sana mdomoni, ila ukimwambia mkubwa, wengi wataona kama unampa maksi. Habari ikiwa nzito, "soo desu ka" husemwa kwa sauti ya kushuka, taratibu. Ukiipandisha, inakuwa swali: "Ati ni kweli?"

Tusijifanye mambo haya hatuyajui. Nyanya akitoa hadithi na sisi tusiseme "ehe", "enhe" wala "ala!", huuliza kama tumelala. Tofauti niliyoiona mimi ni hii: kwa hadithi tunaitikia, lakini mbele ya mkubwa mwenye huzuni wengi wetu tunanyamaza kwa heshima. Mwalimu wangu alihitaji kuitikiwa hasa pale pale niliponyamaza.

Nilifanya mazoezi bwenini hadi wenzangu wakanibandika jina la "Hai". Likizo iliyofuata alipiga tena. Akasema "chichi ga ne", nikaitika "hai". Akasimama kidogo, nadhani alitabasamu, kisha akaendelea. Babake alikuwa amerudi nyumbani. Nyingi ya habari zake sikuzielewa, lakini nyundo yangu haikukoma, na "moshi moshi" sikuisikia tena mpaka mama alipoidai simu yake.