Kuchunguza Mng'ao wa Almasi Nyumbani

Baadhi ya almasi zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, hutoa mwanga wa buluu. Aghalabu chanzo chake ni naitrojeni. Atomi tatu za elementi hiyo huizunguka nafasi tupu ndani ya fuwele ya kaboni, nazo hufyonza mionzi hiyo na kutoa mwanga unaoonekana.

Uchunguzi huu waweza kufanywa nyumbani. Jiwe husafishwa, huwekwa juu ya kitambaa cheusi katika chumba chenye giza, kisha humulikwa kwa taa ya nanometa 365, mfano wa zile za kukagulia noti. Karatasi nyeupe haifai, kwani mara nyingi yenyewe hung'aa buluu. Taa isielekezwe machoni.

Hata hivyo, mng'ao si ushahidi kuwa jiwe ni almasi. Katika kila almasi 100, takriban 25 hadi 35 tu ndizo hung'aa. Na baadhi ya mawe ya bandia hung'aa pia. Hivyo mwenye pete asiiuze kwa bei ya kioo kwa kuwa haikung'aa, wala mnunuzi asitoe akiba yake kwa kuwa imeng'aa. Uamuzi ni wa mtaalamu wa vito mwenye vifaa.