Chawa wa Sehemu za Siri: Dawa Ipo, Tusijiumize

Tukitembelea vikundi huku Githongo tunaulizwa maswali ya namna mbili. Kuna yale yanayoulizwa mbele ya watu wote, na kuna yale yanayongoja mpaka mkutano umefungwa kwa sala na watu wameanza kuteremka kwenda nyumbani. La kuwashwa sehemu za siri ni la namna ya pili. Mtu anabaki nyuma, anazungukazunguka, halafu anauliza kwa niaba ya "rafiki".

Magonjwa yanayowasha sehemu hizo ni mengi. Leo tunataka kuzungumza juu ya moja tu ambalo watu wanaogopa kulitaja hata kuliko yale makubwa: chawa wanaokaa kwenye nywele za sehemu za siri. Tumeamua kuandika waziwazi kwa sababu chawa huyu mwenyewe ana usumbufu mwingi na madhara machache. Yenye madhara ni yale mambo watu wanajifanyia ili wamwondoe kimyakimya. Katika boma nyingi za huku kwetu kuna chupa ya dawa ya kupe, au ile ya kunyunyizia kahawa. Mtu akiona haya kwenda hospitali, chupa hiyo ndiyo anaikumbuka usiku.

CHAWA NI WA AINA TATU

Wa kwanza ni wa kichwani. Huyo tunamjua, hasa sisi tulio na watoto wa shule.

Wa pili ni chawa wa mwili. Yeye hukaa kwenye mishono ya nguo, anatoka kunyonya damu, halafu anarudi. Huyu ndiye wa kuogopwa kabisa, kwa sababu anaweza kubeba homa ya taifasi. (Si taifodi ile tunayopimwa kila mara, majina yanafanana tu.) Kule Burundi wakati wa vita watu waliokimbia makwao walirundikana kambini kwenye milima yenye baridi, nguo ni ileile mchana na usiku, maji ya kufulia hakuna. Kati ya Januari na Septemba 1997 wagonjwa zaidi ya 45,000 walihesabiwa huko. Sisi nasi tunakaa chini ya Mlima Kenya na baridi tunaijua. Kufua nguo za ndani, shuka na blanketi si anasa.

Wa tatu ndiye wetu wa leo. Ni mdogo, kama milimita 1 au 2, tuseme kichwa cha pini. Mwili wake ni mfupi na mpana, na miguu yake ya nyuma ina makucha makubwa kama ya kaa wa baharini. Kwa makucha hayo hushika unywele mgumu na kuning'inia hapo, kichwa kikiwa kwenye ngozi, akinyonya damu mara kadhaa kwa siku. Utamkuta sehemu za siri na mapajani, lakini pia kwapani, kifuani, kwenye ndevu, na wakati mwingine kwenye nyusi na kope za macho. Haruki wala hana mabawa, anatambaa polepole.

Chawa wa kichwani cha mtoto hateremki chini akageuka huyu. Wala hatoki kwa ng'ombe, mbuzi, kuku au mbwa. Wataalamu walioandika mwaka 2007 walisema ndugu yake wa karibu ni chawa wa gorila. Hayo tuwaachie wao. Hapa Githongo anatoka kwa binadamu na kwenda kwa binadamu. Na hajulikani kueneza taifasi wala virusi vya UKIMWI.

UTAMJUAJE

Dalili kubwa ni kuwashwa, na usiku kunazidi. Ukiangalia kwenye mwanga mzuri unaweza kuona kitu cha kijivu au cha kahawia kimeshika shina la unywele, kama gamba dogo. Watu wengi hudhani ni uchafu au kidonda kilichokauka, mpaka kisogee. Mayai yake ni madogo sana, meupe, yamegandishwa kwenye unywele karibu na ngozi, na hata ukisugua kwa sabuni hayatoki. Nguo ya ndani inaweza kuwa na vidoa vidogo vyeusi au vya rangi ya kutu. Wengine huona madoa ya bluu kama michubuko mapajani au tumboni chini, pale alipong'ata.

Watu wengi wanamchanganya na upele. Mdudu wa upele anachimba ndani ya ngozi na humwoni kwa macho, na mara nyingi mwasho wake uko pia katikati ya vidole, kwenye viganja vya mikono na kiunoni. Dawa nyingine zinatibu yote mawili lakini matumizi si sawa, kwa hivyo ni vizuri muuguzi aangalie mwenyewe. Tunajua kuvua nguo mbele ya muuguzi ni kazi. Unaweza kuomba akuhudumie mwanamume mwenzako, au mama mwenzako, kama yupo siku hiyo.

NANI ALIYELETA?

Hapa ndipo nyumba zinavunjika, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Ukweli ni kwamba chawa huyu kwa kawaida anahama wakati wa kujamiiana, miili ikikaribiana. Kondomu haimzuii, maana haifuniki nywele. Anaweza kuhama kupitia kitanda, taulo au nguo ya ndani ambayo mwingine ametoka kuitumia sasa hivi, lakini hiyo si njia yake ya kila siku. Akitoka mwilini anakosa damu na joto, na kwa siku moja au mbili amekufa. Kwa hivyo choo hakiwezi kulaumiwa. Wala mtumba hauwezi, pamoja na kwamba tumesikia mtumba ukilaumiwa sana: nguo zile zimekaa melini majuma mengi kabla ya kufika sokoni. Na wala si uchafu. Mtu anayeoga kila siku anaweza kumpata, na kuoga peke yake hakumwondoi.

Sasa basi, ikiwa mke na mume wote wanajikuna, aliyeanza kujikuna ndiye aliyeleta? Hapana, si lazima. Mwasho unatokana na mwili kuchukia mate ya chawa, na mwili huchukua muda kabla ya kuchukia, wengine siku tano, wengine majuma kadhaa. Aliyeletewa anaweza kujikuna kabla ya aliyeleta. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayesema kwanza, na kwa kuwa amesema kwanza anaambiwa ndiye mwenye makosa, hata kurudishwa kwao. Chawa hawezi kutumiwa kama shahidi wa namna hiyo. Mazungumzo juu ya uaminifu yapo, na pengine ni lazima yafanyike, pamoja na mzee au mama wanayemheshimu wote wawili. Lakini yasubiri dawa ipakwe kwanza, na wote wawili wapake siku ileile. Mmoja akijitibu peke yake kwa siri, baada ya majuma mawili atakuwa nao tena, na pesa imepotea. Yeyote mwingine ambaye mgonjwa amelala naye katika mwezi uliopita naye anahitaji matibabu. Kujamiiana kungoje mpaka wote wamepona.

Jambo lingine: njia iliyomleta chawa inaweza kuwa imeleta na mengine yasiyowasha. Ndiyo sababu hospitalini wataomba upimwe kaswende, kisonono na virusi vya UKIMWI. Si kwamba wanakutukana.

DAWA

Dawa inayotumika zaidi siku hizi ni permethrini ya kupaka. Ile ya chawa ni ya asilimia 1: unaosha sehemu hizo, unajikausha, unapaka mahali pote penye nywele zenye chawa, unangoja dakika 10, unaosha. Lakini madukani kuna pia permethrini ya asilimia 5, ambayo ni ya upele na inakaa mwilini saa nyingi. Kwa hivyo usiambiwe na jirani "mimi nilikaa nayo usiku mzima." Soma karatasi iliyo ndani, au umwombe mwenye duka la dawa akusomee. BBE nayo ni dawa ya siku nyingi, inapatikana, lakini inachoma sana mahali palipochubuka kwa kujikuna. Kama hizi zimeshindwa, daktari anaweza kutoa vidonge vya aivamektini kulingana na uzito wa mtu. Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme hivyo kabla ya kupewa dawa yoyote. Permethrini inamfaa, lakini vidonge hivyo mjamzito hapewi. Kama kuna chupa ya zamani ya lindeni kabatini, usiitumie. Hudhuru mishipa ya fahamu, na mwaka 2009 iliwekwa kwenye orodha ya sumu za kuachwa katika Mkataba wa Stockholm.

Watu wengi wanakosea hapa: wanapaka mara moja. Jike hutaga mayai kama 3 kwa siku, na mayai yanaanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Dawa ya kwanza inaua wanaotembea, lakini mayai mengine yanabaki mazima. Kwa hivyo jiangalie tena kati ya siku ya 7 na ya 10, na ukiona hata mmoja aliye hai, paka mara ya pili. Iandike siku hiyo kwenye kalenda. Mayai makavu unaweza kuyavua kwa kucha au kwa kitana chenye meno ya karibu. Mwasho unaweza kuendelea siku kadhaa hata chawa wakiwa wamekwisha, na hiyo si sababu ya kupaka dawa kila jioni.

Siku ya dawa, fua nguo za ndani, za kulalia, shuka na taulo mlizotumia siku mbili tatu zilizopita kwa maji ya moto sana, uanike juani. Julai ukungu ukikataa kuondoka, pasi ya makaa itafanya kazi ya jua. Ipitishe vizuri kwenye mishono. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa majuma mawili. Nyumba haihitaji kupulizwa dawa.

Kunyoa kunasaidia lakini hakutoshi peke yake, maana nywele za mapajani na kwingine hubaki. Wembe mmoja usitumiwe na watu wawili.

CHUPA YA NG'OMBE

Dawa ya kupe imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe, na inachanganywa na maji mengi. Ngozi ya sehemu za siri ni laini, na ya korodani hupitisha sumu kuingia mwilini mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono. Ikiwa tayari imechubuliwa kwa kucha ni mbaya zaidi. Dawa za kahawa na mboga nazo ni vilevile. Mtu aliyepaka akianza kutoka jasho na mate mengi, macho kutoa machozi, kutapika, kulegea, kusinzia kusiko kwa kawaida au kupumua kwa shida, hiyo ni sumu. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, anayemwosha avae mifuko ya plastiki mikononi, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na ile chupa, ili daktari ajue ni sumu gani. Msimpe maziwa mkingoja aone nafuu.

Mafuta ya taa pia tunayasikia. Yanaunguza ngozi, na jikoni kuna moto.

MACHO, NA WATOTO

Chawa kwenye kope hawapakwi dawa hizi hata kidogo, zitaharibu jicho. Muuguzi atawatoa mmoja mmoja kwa kibanio, au atatoa mafuta safi ya macho ya kupaka kwenye kope mara 2 hadi 4 kwa siku kwa siku 10.

Mtoto akionekana na chawa hawa kwenye kope au nyusi, tusikimbilie kumshtaki mtu, na tusinyamaze. Inawezekana amewapata kwa kulala kitanda kimoja na mzazi aliye nao. Inawezekana pia kuna mtu anamchezea mtoto huyo vibaya. Mzazi peke yake hawezi kuamua ni lipi. Apelekwe hospitalini aangaliwe kwa upole na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Mtoto asiulizwe maswali mengi mbele ya majirani. Simu ya watoto, namba 116, inapokelewa bila malipo kutoka popote Kenya.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Mwiteni muuguzi kutoka Hospitali ya Githongo, au mhudumu wa afya wa kijiji, azungumze siku moja na akina mama peke yao na siku nyingine na wazee na vijana. Aje na mazungumzo ya magonjwa ya ngozi kwa jumla, upele, funza na chawa wote watatu, ili asiwepo atakayeonekana amekuja kwa sababu yake mwenyewe.

Na kuna jambo la pesa. Dawa ya watu wawili, mara mbili, si kidogo kwa mtu anayengoja malipo ya majani chai. Vikundi vingi vina mfuko wa dharura, lakini wanachama hawauombi kwa sababu kamati inataka maelezo. Kamati ikubaliane kwamba kwa matibabu madogo inatosha mwanachama kuleta risiti ya hospitali au ya duka la dawa kwa mweka hazina peke yake. Yeye aandike kitabuni "dawa", kiasi na tarehe, mwanachama atie sahihi, na jina la ugonjwa lisiandikwe popote.