Kupima Vyanzo vya Kitaaluma: Upekuzi wa Polisi na Haki za Kikatiba

Utangulizi

Mtahiniwa, soma swali hili kwa makini:

"Polisi wanaweza kuingia na kupekua nyumba ya mwananchi wakati wowote wanapotaka." Jadili kauli hii kwa kutumia vyanzo vya kuaminika.

Swali la namna hii huwaangusha wengi, hata wale wenye maoni mazuri. Mmoja hujaza kurasa mbili kulaumu polisi, mwingine hujaza kurasa mbili kuwasifu, na wote wawili hawajajibu. Mtahini anataka kuona mambo mawili: unajua sheria inasema nini, na unajua kuchagua chanzo kinachofaa kuthibitisha unachosema. Mada hii inahusu jambo la pili, lakini hatuwezi kulifikia bila kugusa la kwanza.

Elewa pia kwamba mada hii haiishii kwenye chumba cha mtihani. Mwenye nyumba aliyesoma chanzo kibaya anaweza kuwazuia mlangoni askari wenye mamlaka halali, akajiingiza kwenye kosa jipya. Mwingine anaweza kukaa kimya huku mali yake ikichukuliwa bila stakabadhi, kwa kuwa aliambiwa hana haki yoyote.

1. Msingi wa kisheria kwa ufupi

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu: nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyohiyo inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria unaoonyesha ni katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Kwa hiyo haki ipo, na mipaka yake ipo. Ibara ya 30 nayo inaeleza kwamba haki za mtu mmoja haziwezi kutumiwa kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma.

Kwa Tanzania Bara, utaratibu mkuu wa upekuzi umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985. Katika matoleo ya 2002 na 2019, mambo muhimu ni haya:

(a) Kifungu cha 38: mkuu wa kituo cha polisi anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari wake idhini ya maandishi. Ni lazima awe na sababu za msingi za kushuku, na aridhike kwamba kuchelewa kutasababisha kitu kinachotafutwa kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Vitu vikichukuliwa, stakabadhi hutolewa ikiwa na saini ya mwenye nyumba na ya mashahidi.

(b) Kifungu cha 40: hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine.

(c) Kifungu cha 42: upekuzi bila hati unaruhusiwa pale jambo linapokuwa zito na la dharura kiasi cha kutoweza kusubiri.

(d) Kifungu cha 169: mahakama ina mamlaka ya kukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria, baada ya kupima maslahi ya umma dhidi ya haki za mshtakiwa.

Ukiyaelewa haya manne, utaona kwamba neno "wakati wowote wanapotaka" katika swali letu ndilo lenye tatizo. Sasa tuone vyanzo.

2. Aina za vyanzo

Vyanzo vya msingi ni Katiba, sheria zilizotungwa na Bunge, na hukumu za mahakama. Hivi ndivyo vinavyothibitisha sheria ikoje. Kati ya hukumu, ile ya Mahakama ya Rufani ina uzito kuliko ya Mahakama Kuu, kwa sababu mahakama za chini hulazimika kuifuata.

Vyanzo vya upili ni vitabu vya wanazuoni, makala za majarida ya vyuo vikuu, tasnifu na ripoti za utafiti. Hivi hueleza, hulinganisha na hukosoa sheria. Mwanazuoni anaweza kusema sheria ina kasoro, lakini maoni yake hayageuki kuwa sheria.

Habari za magazetini, mazungumzo ya redioni na ujumbe unaosambazwa kwenye simu si vyanzo vya kitaaluma. Vinaweza kukuonyesha kwamba jambo linazungumzwa, basi. Usivitumie kuthibitisha hoja ya kisheria.

3. Maswali matano ya kupima chanzo

Swali la kwanza: Nani kaandika, na ana ujuzi gani? Mhadhiri wa sheria au wakili anayeandika juu ya upekuzi yumo ndani ya fani yake. Mtu mwenye shahada ya uzamivu katika kilimo ni msomi, lakini kwa mada hii usomi wake hautusaidii. Tazama pia kama kazi ilipitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, kama majarida ya kitaaluma yanavyofanya.

Swali la pili: Kimeandikwa lini? Hapa watahiniwa wengi hukosea. Katiba ni ya mwaka 1977, lakini sura ya haki za binadamu iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia haki hizo mwaka 1988. Kitabu cha mwaka 1980 hakiwezi kukueleza Ibara ya 16 kama tunavyoijua leo. Vilevile kitabu cha Profesa Chris Maina Peter cha mwaka 1997, kilichokusanya kesi na nyaraka za haki za binadamu nchini Tanzania, ni chanzo kizuri sana kwa historia ya haki hizo. Hata hivyo, hukitumii kuthibitisha uamuzi uliotolewa mwaka 2015. Namba za vifungu pia zinaweza kubadilika sheria zinapofanyiwa urekebu, ndiyo maana unatakiwa kutaja toleo ulilotumia.

Swali la tatu: Kinazungumzia nchi gani? Chukua sentensi hii: "Ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hutupwa na mahakama." Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliweka kanuni hiyo kwa mahakama za majimbo mwaka 1961 katika kesi ya Mapp dhidi ya Ohio, ingawa baadaye iliiwekea vighairi. Nchini Kenya, Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inaagiza ushahidi huo ukataliwe endapo kuupokea kutaharibu haki katika kesi au kudhuru utoaji wa haki. Nchini Tanzania, kifungu cha 169 kinaiachia mahakama ipime. Sentensi ni moja, lakini nchi tatu zina majibu matatu. Hata ndani ya Muungano kuna tofauti: Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984 na sheria yake ya mwenendo wa jinai, hivyo Sura ya 20 haitumiki huko.

Swali la nne: Mwandishi anathibitishaje hoja zake? Chanzo kizuri hutaja kifungu, hutaja kesi, na hukuruhusu kwenda kuhakiki. Maneno kama "inajulikana wazi" au "wataalamu wanakubaliana" bila kutaja chochote ni dalili ya udhaifu.

Swali la tano: Mwandishi ana msimamo gani? Ripoti ya shirika la kutetea haki na mwongozo wa mafunzo ya askari vinaweza kueleza upekuzi uleule kwa namna tofauti. Kuwa na msimamo si uongo, wala si sababu ya kukitupa chanzo. Jiulize tu: ni mambo gani ameyaacha, na je, ameitaja hoja ya upande wa pili?

4. Mfano

Vyanzo vitatu vifuatavyo vimetungwa kwa ajili ya zoezi.

Chanzo A: Makala ya jarida la sheria la chuo kikuu. Mwandishi ni mhadhiri. Amechambua hukumu kadhaa za Mahakama ya Rufani kuhusu stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa.

Chanzo B: Ripoti ya shirika la haki za binadamu. Imewahoji watu waliopekuliwa usiku katika mkoa mmoja. Haikuwahoji polisi.

Chanzo C: Kitabu kinachosema, "Polisi haruhusiwi kuingia nyumbani bila hati ya mahakama." Kimechapishwa nje na kinaeleza sheria ya Marekani.

Tathmini: Chanzo A ndicho chenye nguvu kuthibitisha sheria inavyotafsiriwa. Kinatusaidia pia kuepuka haraka ya kuhukumu, maana zipo kesi ambazo kukosekana kwa stakabadhi kuliudhoofisha ushahidi, na zipo nyingine ambazo ushahidi ulikubaliwa kwa kuwa hati ya ukamataji mali ilisainiwa na mashahidi. Anayesoma hukumu moja tu ataandika nusu ya ukweli. Chanzo B kinafaa kuonyesha yanayowapata watu, lakini hakithibitishi kwamba nchi nzima iko hivyo, na upande wa polisi haumo. Chanzo C kinaeleza sheria ya nchi nyingine, hivyo ukikitumia kwa Tanzania Bara umekosea, kwa sababu kifungu cha 38 kinampa mkuu wa kituo mamlaka ya kutoa idhini, na kifungu cha 42 kinaruhusu upekuzi wa dharura.

5. Jinsi ya kuandika tathmini kwenye jibu

Usiandike "chanzo hiki ni kizuri" ukaishia hapo. Andika kizuri kwa lipi na kina upungufu gani. Mfano:

"Ripoti hii inaonyesha malalamiko ya wananchi kuhusu upekuzi wa usiku. Hata hivyo, kwa kuwa iliwahoji walalamikaji pekee, haitoshi kuthibitisha kwamba upekuzi huo ulikiuka sheria. Kifungu cha 40 kinaruhusu mahakama kutoa kibali cha saa za usiku, hivyo tungehitaji kujua kama kibali kilikuwapo."

Ona kwamba aya hii imetaja faida, upungufu, na kitu kinachokosekana. Hayo matatu yakikamilika, tathmini yako imekamilika.

6. Makosa ya kuepuka

- Kudai kwamba haki ya faragha haina mipaka, au kwamba polisi hawana mipaka.
- Kuchanganya hoja ya mwanazuoni na sheria yenyewe.
- Kutumia kesi za nje bila kusema ni za nje.
- Kukataa chanzo kwa sababu tu hukubaliani nacho.
- Kunukuu namba ya kifungu bila kutaja jina la sheria na toleo lake.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya chanzo cha msingi na chanzo cha upili, kwa kutoa mfano mmoja wa kila kimoja unaohusu upekuzi.
2. Rafiki yako ametumia Katiba ya Kenya kujibu swali kuhusu upekuzi uliofanyika Mwanza. Mweleze kosa lake, kisha mtajie chanzo ambacho angetumia.
3. Kwa kutumia vyanzo A, B na C, jibu swali lililo mwanzoni mwa mada hii kwa aya nne.

Dokezo la swali la 3: anza na Ibara ya 16, endelea na vifungu vya 38, 40 na 42, kisha pima vyanzo. Katika hitimisho rudi kwenye maneno "wakati wowote wanapotaka" na useme waziwazi kama sheria inayaunga mkono.