Mzee Atacheza Muscat, Lakini Aanze Lugalo

Mtoto akitaka kumpeleka baba yake kucheza gofu ng'ambo, kwanza huchagua uwanja. Ameuona kwenye televisheni, mzee ameutaja mara nyingi, basi anakata tiketi, halafu ndipo anauliza kama presha ya mzee inaruhusu. Kama daktari, naomba utaratibu huo ugeuzwe. Safari ianzie kwenye mwili wa mzee, na pazuri pa kuusoma mwili huo ni uwanja wa Lugalo, hapa hapa Kinondoni, miezi kadhaa kabla ya kulipia chochote.

Siku hiyo wewe usicheze. Mfuate raundi nzima. Mashimo 18 kwa miguu ni kama kilomita nane hadi kumi, saa nne au zaidi juani. Mashimo ya mwanzo hayatakuambia kitu, kwa sababu mzee hujikaza mbele ya watoto wake. Ukweli huanza kutoka baada ya nusu ya raundi: anaegemea fimbo wenzake wanapopiga, anainama kuokota mpira kisha anasimama kidogo akisubiri kichwa kitulie, na kwenye mwinuko mazungumzo yanakatika. Muulize pia kijana anayembebea fimbo kila wiki. Huyo anajua mzee hupumzika wapi, na tangu lini anaishia shimo la tisa. Baba mwenyewe hatasema, maana hataki kukuharibia mipango wala hela zako.

Kizunguzungu cha kuinuka mara nyingi kinatokana na dawa za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo, zinapokutana na jua na mwili uliokaukiwa maji. Uzee hupunguza hisia ya kiu, kwa hiyo usingoje aombe maji. Mpe kila baada ya mashimo mawili matatu, isipokuwa kama daktari wake amempimia kiasi cha kunywa kwa sababu ya moyo au figo. Kubanwa kifua au kuishiwa pumzi ni habari nyingine kabisa. Hapo safari inasimama mpaka moyo upimwe. Familia inayoishi Chang'ombe au Mbagala si lazima ifike Muhimbili, kwani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ina hospitali yake ya Dar Group pale TAZARA.

Sasa ndiyo uchague uwanja. Wengi wanaota St Andrews kule Scotland, nami nawaelewa, kwa kuwa mchezo wenyewe ulikulia huko. Lakini Old Course ni uwanja wa kutembea kwa miguu, upepo wake wa baharini ni wa baridi, Jumapili hufungwa kwa gofu, na nafasi nyingi hutolewa kwa kura siku mbili kabla ya kucheza. Kumvusha mzee wa miaka 75 viwanja viwili vya ndege, halafu mkangoje kura, ni kumchosha kabla hajashika fimbo.

Kwa wazee wengi wa Dar ningependekeza Ghuba. Saa za huko zimetutangulia kwa saa moja tu, kwa hiyo usingizi na ratiba ya vidonge havivurugiki. Dubai, Emirates Golf Club ina uwanja wa Majlis uliofunguliwa 1988, na mwingine wa Faldo wenye taa, ambao mzee anaweza kuucheza usiku jua likiwa limekwisha. Muscat kuna Al Mouj, mashimo 18 ukingoni mwa bahari, kazi ya Greg Norman. Muscat ina jambo jingine ambalo mimi nalithamini sana: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na mwambao wanazungumza Kiswahili. Mzee anayeweza kueleza maumivu yake kwa lugha yake, hotelini au hata hospitali, yuko salama zaidi kuliko anayemsubiri mtoto amtafsirie.

Nendeni kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Juni joto hupita nyuzi 40, na hapo hata kijana asithubutu kucheza mchana. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu huo mzuri, hivyo kama mzee anafunga na ana kisukari, chagueni tarehe nyingine. Siku ya kufika asicheze. Baada ya hapo raundi moja, siku moja ya kupumzika, na kigari kiagizwe mapema.

Dawa ndizo huleta matatizo yasiyotarajiwa. Tramadol, kodeini na diazepam, ambazo wazee wengi hupewa kwa mgongo, magoti au usingizi, ni dawa zinazodhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na kibali huombwa kabla ya kusafiri. Chukua barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, acha vidonge kwenye pakiti zake, na vyote vikae kwenye mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwa kuwa inaweza kuganda na kuharibika. Bima ya safari nayo isomwe kipengele cha umri na cha magonjwa aliyonayo tayari. Ile ya bei rahisi mara nyingi huyaacha nje hayo mawili.

Kiti cha magurudumu kiombwe mnapokata tiketi, hata kama mzee anatembea vizuri. Atakataa. Mwambie ni kwa ajili ya foleni na umbali wa kutembea uwanja wa ndege, nguvu zake azitunze kwa gofu. Ndani ya ndege akae kiti cha njiani, anyooshe miguu na kutembea kila baada ya saa moja hivi, kwa sababu safari inayozidi saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Hatari hiyo haiishi mkishatua Dar. Kwa wiki kadhaa baadaye, mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa wa moto kuliko wa pili, usimkande kwa maji ya moto wala kumchua. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Mwananyamala au Temeke, na umwambie daktari kwamba mzee ametoka safari ya ndege.